Mkono Unaokoroga Hewa

6 Machi

Mvua imeanza leo, siku mbili baada ya Kaka kuanguka. Ingekuwa mwaka mwingine ningeandika kwamba tumeokoa miche yote ya sabuni kabla haijalowa, na kwamba Mama amegombana na paa. Mwaka huu miche imelowa na hakuna aliyejali.

Alikuwa anafunga katoni. Akasema mkono wa kushoto umekufa ganzi, akacheka, akaupandisha juu ya meza kama mzigo wa mtu mwingine, kisha akateleza chini. Hospitali wamesema ni kiharusi, cha mshipa kupasuka na damu kuvujia kwenye ubongo. Ana miaka hamsini na miwili. Wateja wanamwita Povu, maana hakuna asubuhi waliyomkuta bila povu, mpaka kwenye nyusi. Ni mashoto. Mkono uliopooza ndio anaokorogea, na katika nyumba hii hakuna mwingine anayejua kuikoroga sabuni ikakubali. Mimi nakata na kufunga. Mama anagusisha sabuni kwenye ncha ya ulimi kujua kama kostiki, ile dawa inayounguza, imekwisha makali. Wifi yangu, mke wa Kaka, anaanika, anapanga, na ananyamaza.

Mvua hii itatupa nafasi. Sabuni haikauki masika, inatoa jasho tu, kwa hiyo kila mwaka pipa la kuchemshia linapumzika mpaka mawingu yaondoke. Namwomba Mungu mkono wa Kaka urudi kabla ya jua. Bila yeye hakuna sabuni, na bila sabuni sijui sisi ni nani.

7 Machi

Mkono umecheza!

Ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa. Mama amekaa miguuni kwake, mimi kichwani, Wifi amesimama na beseni. Kaka akaganda, macho yameelekea ukutani, mdomo umevutika upande. Kisha vidole vya kushoto vikaanza. Kwanza dole gumba, halafu kiganja, halafu mkono mpaka kwenye kiwiko, unakwenda, unakwenda. Mkono ule ule ambao jana nesi aliuinua ukaanguka kama kitambaa kibichi.

"Anakoroga!" Mama akapiga makofi. "Tazameni, jamani! Mkono umekumbuka kazi!"

Mimi nililia bila aibu. Mgonjwa wa kitanda cha pili naye akapiga makofi, na hatujuani. Mkono ulipotulia Kaka akashikwa na usingizi mzito, tukamwita asiitike. Nesi akaja kuuliza kelele ni za nini.

"Furaha tu, dada," nikamwambia.

Akatuomba tupunguze sauti, akaenda zake.

Wifi hakupiga makofi. Alikuwa na beseni mikononi, sawa, lakini beseni linawekwa chini.

8 Machi

Mvua. Mkono umelala.

11 Machi

Wifi ameniuliza kama tumweleze daktari habari ya mkono. Nimemwambia wanaosoma miaka yote ile watajionea wenyewe. Amenuna. Huyu akicheka mvua itakatika.

20 Machi

Kaka amerudi nyumbani. Anatembea kwa fimbo, mguu wa kushoto unaburuta, lakini anatembea, na ulimi wake haujaguswa. Alipoingia uani jambo la kwanza lilikuwa kulitazama pipa. Tumelifunika kwa bati, na bati linapigwa na mvua kutwa.

"Linanililia," akasema. "Nyamaza, nimekuja."

Tukacheka wote. Hata Wifi alicheka kidogo, kisha akakisogeza kiti cha Kaka mbali na ngazi ya jikoni. Kila anapokaa Kaka, huyu mwanamke anasogeza kitu: chupa ya chai, kisu, stuli. Mtu atadhani tumeletewa mtoto anayetambaa.

29 Machi

Anaminya sifongo. Kidole cha shahada na cha kati vinaitikia, polepole, vikiamriwa. Nimeona kwa macho yangu.

4 Aprili

Tulikuwa tunakunywa chai ya saa kumi. Kaka akainua kichwa.

"Nani ameweka pipa motoni?"

Hakuna aliyeweka. Mvua ilikuwa inanyesha ya kumwaga.

"Nasikia sabuni inaungua," akasema. "Hamsikii? Imeshika chini." Akajipapasa tumbo kama mtu aliyeruka shimo, akameza mate, akanyamaza. Baadaye kidogo akaomba chai, na chai ilikuwa mbele yake.

Mama alifurahi kupita kiasi. "Dalili ya mvua ni mawingu. Mtu akianza kusikia harufu ya kazi, kazi inamwita."

Wifi alitoka na mvua ile ile kwenda kuangalia pipa uani. Akarudi nguo zimemganda mwilini. "Hakuna moto," akasema, lakini hakutuambia sisi. Alikuwa anamtazama mumewe machoni, karibu sana, kama anatafuta kibanzi.

9 Aprili

Kliniki. Tulikwenda watatu, mimi na Wifi na mgonjwa wetu. Mama alibaki, magoti yanamsumbua.

Daktari ni kijana mwenye sauti ya chini. Aliipandisha picha ya kichwa cha Kaka kwenye taa, akatuonyesha doa. Mimi nilidhani doa litakuwa kama punje. Lilikuwa kubwa.

"Kiharusi kikipona kinaacha kovu," akasema. "Wengi wanaishi nalo salama kabisa. Lakini kwa wachache lile kovu linaanza kurusha cheche, mtu anapata kifafa ukubwani, hata kama kwao hakijawahi kuwepo."

Kaka akacheka. "Mimi, daktari? Mzee huyu?"

"Bado wewe ni kijana," daktari akamjibu, na wala hakuwa anatania. "Na hilo nalo linahesabiwa. Wenye umri mdogo wanakipata zaidi kuliko wazee. Tena chako kilikuwa cha damu kuvuja, na hicho ni kibaya zaidi kwa jambo hili kuliko cha mshipa kuziba. Na angalia hapa, damu imefika mpaka kwenye gamba la juu la ubongo. Ingebaki ndani chini, ningelala usingizi mzuri zaidi."

Nilimwona Wifi amelishika pindo la gauni lake.

"Sasa kuna jambo moja nataka mnisaidie. Ile wiki ya kwanza wodini, alipata degedege? Alitetemeka?"

Wifi akafungua mdomo. Lakini huyu akianza kusema mpaka afike mwisho jua limezama, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kichwani kwa mgonjwa. Nikajibu.

"Hapana, daktari. Mkono ulianza kurudi tu."

"Vizuri. Hilo ni jambo jema sana. Angetetemeka wiki ile ningekuwa na wasiwasi zaidi." Akaandika. "Anafanya kazi gani?"

"Tuna biashara ya sabuni," nikasema.

Akaandika na hilo. Bila shaka akilini aliona duka, na rafu, na mzani. Akatuambia tukiona ametetemeka au amepoteza fahamu turudi siku hiyo hiyo, hata mara moja tu inatosha, tusingoje ya pili.

Njiani Wifi hakusema neno mpaka tulipofika kwenye kona ya fundi viatu. "Wifi," akasema, "siku ile hukuona mdomo wake?"

"Niliuona."

"Ulikuwa unakwenda upande."

"Mtu amepigwa kiharusi, Wifi, ulitaka mdomo uende wapi?"

Akanyamaza tena. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema. Na mimi nasema mwingine amezoea tu kutafuta msiba mahali penye heri.

13 Aprili

Mvua. Panya wametoboa katoni mbili.

21 Aprili

Mkono umekoroga tena, sebuleni, mchana kweupe. Umeanza dole gumba kama siku ile. Kabla yake Kaka aliuliza nani anaunguza sabuni. Mama akapiga makofi, akaimba, akamwita kila aliyekuwa uani aje aone. Mimi nikapiga makofi pia, lakini mara hii nilikuwa nimesimama mbele yake, kama Wifi siku ile wodini, na kutoka hapo unauona uso wake. Kaka hakuwa anafurahi na sisi. Hakuwa hapo kabisa.

Mkono ulipotulia, ulilegea. Sifongo aliyoiminya asubuhi hakuweza kuiminya tena mpaka jioni.

Wakati naosha vikombe Wifi akaja kusimama mlangoni. Akachukua mwiko wa jikoni, akauzungusha hewani taratibu, duara, duara.

"Sabuni inakorogwa hivi," akasema. Kisha akaushusha na kuupandisha kwa vipigo vya haraka. "Ule mkono unakwenda hivi. Ukikoroga sabuni hivi itakurukia usoni. Mume wangu hajawahi kukoroga hivi maisha yake yote."

Nilimwambia mkono mgonjwa utazungushaje duara. Nilikuwa na jibu, kama kawaida yangu. Lakini nimeketi hapa naandika na duara lile haliniondoki.

28 Aprili

Leo jua limetoka mpaka adhuhuri. Mama amefungua madirisha yote. Kaka ametangaza: "Wiki ijayo mvua ikikatika, Jumamosi tunachemsha. Mimi nakoroga, mtanishikia fimbo."

Nilikuwa naingojea siku hii tangu Machi. Sijui kwa nini niliposikia nilitazama juu kutafuta wingu.

2 Mei

Manyunyu.

3 Mei

Jua.

6 Mei

Leo nyumba imepasuka.

Wifi alisema mezani kwamba kabla ya kuchemsha warudi kliniki. Kaka akasema hana ugonjwa mpya. Wifi akasema anao, na akautaja. Kifafa. Mama akaweka kijiko chini.

"Katika ukoo wangu hakuna kifafa," akasema Mama. "Kwa baba yake hakuna. Ukoo wako sijui."

"Hakikuja kwa ukoo, mama. Kimekuja kwa lile kovu. Daktari alisema."

"Daktari alisema akitetemeka. Mkono unaorudi kazini si kutetemeka! Wewe mwanamke ulitaka akae kwenye kiti mpaka afe, ndipo uridhike?"

Wifi akanigeukia. Nilijua anaomba nini. Nilikuwa nimeuona uso wa Kaka tarehe ishirini na moja, nilikuwa nimeona vipigo na duara, na nilikuwa naogopa, naandika hapa kwamba nilikuwa naogopa. Lakini Mama alikuwa ananitazama pia, na Kaka alikuwa ameukumbatia ule mkono wake kama paka.

"Tumwache ajaribu," nikasema. "Nitasimama karibu yake."

Wifi akaondoa vyombo. Hakuvigonganisha hata kimoja. Ningependa angevigonganisha.

9 Mei

Mbingu ni buluu kuanzia ukingo mpaka ukingo. Kesho ndiyo siku. Mafuta yameshapimwa, kuni zimekauka. Mama ameshona mfuko mpya wa kushikia mpini wa mwiko wa Kaka.

10 Mei

Nitaandika kwa mpangilio, vinginevyo sitamaliza.

Asubuhi niliamka nikasikia harufu ya mbao ya zamani inaungua, mbao iliyolowa mafuta. Jikoni, chini ya sufuria ya chai, ulikuwepo mwiko wa Kaka. Ule mrefu kuliko mimi, aliouchonga mwenyewe kabla hajaoa. Umekatwa kwa msumeno vipande vinne, vitatu vimeshika moto. Wifi alikuwa amechuchumaa anachochea.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Hakujibu hata moja. Mama alikuja akaona, akaketi sakafuni. Kaka alikuja wa mwisho, akakitazama kipande kilichobaki, na kwa mara ya kwanza tangu Machi nikamwona mgonjwa.

"Mke wangu," akasema, "hata wewe?"

"Nuna mwaka mzima," Wifi akamjibu. "Usiniite mke wako mwaka mzima. Leo hukorogi."

Kaka ni mbishi, ndiyo tabia ya nyumba yetu. Akatoka uani, akachomoa mti mnyoofu kwenye ua, akaja kusimama kando ya pipa, akaegemeza mti kwenye ukingo wake na kuanza kuumenya kwa mkono wa kulia. Mwiko mpya, kabla ya saa sita, alisema, na moto utawashwa. Pipa lilikuwa limefunuliwa, na tupu. Mafuta bado yalikuwa kwenye madumu. Kostiki nilikuwa sijaifungua. Nilisimama karibu yake, kama nilivyoahidi, nimekunja uso, nimekasirika kwa niaba yake.

Akaacha kumenya. Akainua pua.

"Sabuni inaungua."

Nikalitazama pipa. Lilikuwa na majani makavu ndani, na mjusi.

Hapo ndipo nilipojua. Si baadaye, si kwa daktari. Nilijua hapo, nikitazama mjusi.

Dole gumba likaanza. Kiganja. Kiwiko. Mama alikuwa mlangoni, akainua mikono yake kupiga makofi, kwa mazoea, na mikono ikabaki hewani, kwa sababu safari hii haikuishia kwenye kiwiko. Ilipanda begani, ikaingia usoni, shingo ikageuka, Kaka akatoa sauti ambayo haikuwa yake, na mwili mzima ukakakamaa ukaenda mbele. Aliangukia kwenye pipa. Kifua kwenye ukingo, kichwa na mikono yote miwili ndani, vinapiga chuma, vinapiga, na pipa linaitikia. Nilimshika mkanda nikavuta. Nilivuta kwa nguvu zote na sikuweza. Nilikuwa naona mahali kilipo kichwa chake. Ni pale pale povu linapofikaga.

Wifi alikuja mbio kutoka jikoni, tukamtoa pamoja. Akamlaza ubavu, akamfungua mkanda, akaweka kitambaa chake cha kichwa chini ya shavu lake. Mama akaja na kijiko.

"Usimtie kitu mdomoni, mama," Wifi akasema. Kwa upole, kama anamwambia chai ni ya moto.

Tukangoja. Mwili ukapunguza, ukapunguza, ukatulia. Paji la uso limechanika, meno yameuma ulimi, basi. Hayo ndiyo majeraha yake yote. Jua lilikuwa linawaka, siku njema kabisa ya kuchemsha.

12 Mei

Daktari yule yule. Ameanzishiwa vidonge, asubuhi na jioni, vitaongezwa kidogo kidogo. Daktari akaeleza kwamba ile harufu nayo ni kifafa, ni mwanzo wake, ubongo unanusa kisichokuwepo. Kisha akarudia swali lake la Aprili. Hakunikazia macho, lakini Wifi pia hakusema, akaniachia.

"Alitetemeka," nikasema. "Siku ya tatu. Tulidhani anakoroga. Tulipiga makofi."

Akaandika. Nikamuuliza kama ningesema siku ile haya yote yasingekuwa.

"Sijui," akasema. "Pengine nisingempa dawa hata hivyo. Kifafa kingekuja, kwa vile kovu lilivyo." Akalifunga faili. "Lakini ningekuuliza zaidi habari za hiyo kazi. Ningemkataza moto."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nimeusema msemo huu kwa watu wengi sana maishani mwangu.

Tulipofika kwenye kona ya fundi viatu nilimwomba Wifi msamaha. Akasema twende, wifi, jua kali. Akanishika mkono mpaka nyumbani, na mimi miaka yote nilikuwa simjui huyu mtu.

19 Mei

Usingizi mwingi, vidonge. Mkono umetulia.

23 Mei

Dole gumba limecheza, kidogo tu, likaacha. Hakuna aliyepiga makofi. Daktari ameongeza kidonge.

27 Mei

Leo tumechemsha. Ilibidi, madumu ya mafuta yanachacha. Aliyekoroga ni mimi, kwa mti ule ule aliouacha nusu umemenywa. Kaka tulimweka kwenye mkeka mlangoni, mbali na moto, Wifi kushoto kwake, Mama kulia.

"Zungusha, usipige!" alikuwa anaamrisha. "Ebo! Unasonga ugali wa harusi?"

Alikuwa na furaha. Mimi nilikuwa nazungusha, duara, duara, na macho yangu hayakuwa kwenye pipa. Nilikuwa nautazama ule mkono wake juu ya goti. Mama alikuwa anautazama. Wifi alikuwa ameuwekea wa kwake juu.

Sabuni ilikuwa imeanza kuwa nzito Kaka alipoinua kichwa.

"Nasikia sabuni inaungua," akasema.

Nikautupa mti. Sijui nilivukaje uwanja. Wifi alikuwa ameshamshika, Mama ameshavuta mto, mimi nikamlaza ubavu, nikamfungua vifungo, nikaweka kiganja changu juu ya dole gumba lake na kungoja.

Halikucheza. Kaka alikuwa anatutazama kutoka pale chini, mmoja mmoja, macho yake yana yeye ndani.

"Jamani," akasema, "inaungua kweli."

Tukageuka. Moshi ulikuwa unapanda juu ya pipa, na harufu ikatufikia sote. Imeshika chini, yote, hakuna hata mche mmoja utakaotoka. Hakuna aliyeinuka kwenda kuuzima moto. Tulibaki hapo tumemshikilia, mpaka tukawa na hakika na ule mkono.